Reli ya karanga: shajara ya mwaka wa tatu

Jumanne, 12 Novemba 2024. Mtwara

Semina ya kwanza ya mwaka wa tatu imefanyika leo katika chumba cha pembeni ya maktaba, maana sisi tuliochukua historia kuwa somo kuu hatujazi darasa. Tuko tisa. Nilipokuwa mwaka wa kwanza uchache huu ulininyong'onyeza, nikaona tumeachwa kando huku wenzetu wakijaza ukumbi. Siku hizi nauona ni bahati. Penye watu tisa hakuna pa kujificha na desa la mwaka jana. Mwalimu anakutazama usoni na kuuliza, "Umejuaje?" na jibu linatakiwa litoke kwako.

Leo ametuletea Mangungo wa Msovero. Ni Novemba, na mwezi huu inatimia miaka 140 tangu Carl Peters apite Usagara, mwaka 1884, akikusanya mikataba. Sote tulishamaliza Mangungo kidato cha pili: mikataba ya ulaghai, chifu hakujua kusoma, nchi ikachukuliwa. Mwalimu hakutupinga. Aliuliza tu: karatasi iliandikwa kwa lugha gani? Nani alitafsiri, na alimtafsiria nani? Mangungo mwenyewe alidhani anapokea nini kwa kile anachotoa? Anayetuambia kwamba alidanganywa anasimulia kutoka wapi? Tulinyamaza muda mrefu. Nimekuwa nikimhurumia Mangungo tangu utoto bila hata mara moja kujiuliza alikuwa anafikiri nini.

Mada za utafiti zinatakiwa mwisho wa mwezi. Yangu ninayo kichwani tayari: reli ya karanga, ile ya kutoka hapa Mtwara kwenda kwetu Nachingwea, ambayo sisi tumezaliwa tukaikuta tuta tu.

Jumamosi, 23 Novemba 2024

Maktaba yetu ina nakala moja ya kitabu kikubwa cha John Iliffe kuhusu historia ya Tanganyika, kile cha mwaka 1979. Haitolewi nje. Unaandikisha jina, unakaa nayo mezani kwa saa mbili, unairudisha. Mgongo umeshikizwa kwa gundi ya maji na utepe wa kaki, na pembezoni mwa kurasa kuna alama za penseli za waliotutangulia. Kwenye sura ya Maji Maji mtu ameandika alama tatu za kuuliza, zikishuka chini. Ningependa kujua alikuwa anauliza nini.

Jambo lililonishika leo liko kwenye tanbihi. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu Maji Maji kwa vinywa vya wananchi ilikusanywa na wanafunzi. Mwaka 1968 chuo cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wa historia wa shahada ya kwanza kwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai: Umatumbi, Ungoni, Ulanga na kwingineko. Walikuwa vijana wa umri wangu, wana daftari na barua ya utambulisho. Karatasi zao zikakusanywa pamoja, na mpaka leo hakuna anayeandika kuhusu vita ile bila kuzipitia. Idara yenyewe ilikuwa changa na ndogo. Terence Ranger alifika mwaka 1963, baada ya kufukuzwa Rhodesia ya Kusini, akawa profesa wa kwanza wa historia, na akina Isaria Kimambo na Arnold Temu wakaja kuijenga. Mwaka 1969 walikuwa wameshatoa historia ya Tanzania iliyoanza na Waafrika wenyewe, kabla ya wageni kuingia.

Basi mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuacha kitu ambacho hakikuwepo kabla yake. Nimekaa na wazo hilo mpaka mlinzi akaja kuzima feni.

Jumatatu, 9 Desemba 2024. Nachingwea

Sikukuu ya Uhuru. Nimepanda gari la jana asubuhi kuja kusalimia. Msimu wa korosho unaelekea ukingoni, na mazungumzo barazani ni bei ya mnada na lini chama cha msingi kitalipa.

Baba mdogo amerudia swali lake: "Mwanangu, hiyo historia itakupa ajira?" Nimemjibu kwamba nitakuwa mwalimu, akasema walimu wamejaa mtaani wanasubiri. Hilo ni kweli, na sikutaka kulipunguza. Nikamwambia nasoma historia kwa sababu nataka kujua kwa nini tuko hivi tulivyo, na sijaona somo jingine linaloniruhusu kuuliza hivyo kila siku. Hakucheka. Akauliza naandika nini mwaka huu.

Nilipotaja karanga uso ukamchangamka. Hadithi hii hapa kwetu kila mtu anayo: Mzungu alikuja na matrekta, akafyeka pori lote, karanga zikamshinda, akaondoka. Watu hucheka. Nikamuuliza, "Na babu wakati huo alikuwa wapi?" Akafikiri. Akasema babu alifanya kibarua kwa Wazungu wa karanga, si muda mrefu, akanunua baiskeli, akarudi kulima. Baiskeli ile ndiyo iliyomposea bibi, maana alikuwa akiendea ukweni kwa baiskeli wakati wenzake wanakwenda kwa miguu.

Mpango ulishindwa. Babu akapata baiskeli. Nimeyaandika yote mawili kwenye ukurasa mmoja na sijui bado yanakaaje pamoja.

Jumatano, 15 Januari 2025

Siku nzima ya tarakimu. Nimechapisha nyaraka steshenari, kwa hela ya chakula, na nimezisoma kwa kalamu mkononi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na vyakula bado vinagawiwa kwa kipimo. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company akaleta wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Serikali ikamtuma John Wakefield na wenzake kukagua ardhi. Wakarudi na mpango wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Nimezidisha mwenyewe: ekari 3,210,000. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25. Sehemu kubwa ilikuwa ya Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na kwetu Kusini, na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini.

Kongwa wakaanza mwaka 1947. Udongo wa pale ukikauka unakuwa mgumu kiasi cha karanga kutong'oka, na changarawe yake inakula majembe ya chuma. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye mpango. Matrekta mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu.

Kusini palihitajika njia ya kutolea mazao ambayo hayajapandwa. Ndiyo asili ya bandari hii ya kina kirefu ya Mtwara, na ya reli. Kipande cha kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kwenda Nachingwea kilianza kazi mwaka 1949, na Mtwara ikaungwa baadaye, karanga zenyewe zikiwa zimeshakwama. Mwaka 1962, nchi ikiwa huru, reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa.

Nimeona jambo moja katika makaratasi haya. Ekari zimehesabiwa hadi ya mwisho. Matrekta yana idadi, hata vipuri. Watu wametajwa kwa neno moja, nguvukazi, na huwa wanatajwa pale tu wanapopungua.

Jumapili, 16 Februari 2025. Mikindani

Mwenzangu wa hosteli ana jamaa Mikindani, na jamaa amenifikisha kwa bibi mmoja anayekaa nyuma ya mtaa wa magofu. Jina lake liko kwenye daftari la utafiti, humu siliweki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwanza mimi ni wa nani, kabila gani, mama anatoka wapi. Alinihoji barabara kabla sijamhoji. Nadhani ndivyo inavyopaswa: naye anahitaji kujua maneno yake yanakwenda kwa nani.

Mama yake alikuwa akiuza chakula kwa vibarua waliokuwa wanajenga bandari. Mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, na uji asubuhi. Yeye alikuwa mtoto wa kubeba kapu.

Nikamuuliza ilikuwa mwaka gani. "Mwaka siujui, mjukuu wangu. Nilikuwa sijavunja ungo." Ikabidi tutafute mwaka kwa njia nyingine. Meli zilikuwa zinatia nanga ndani au bado? Bado. Garimoshi lilikuwa linafika Mtwara? Hapana, garimoshi lilikuja baadaye, yeye akiwa mwari ndani, alisikia mlio na akakatazwa kutoka. Aliolewa lini? Alipoolewa garimoshi lilikuwepo, ndilo lililoleta wageni wa harusi kutoka bara. Hivyo nimepata mfuatano: kapu kwanza, kisha unyago, kisha garimoshi, kisha ndoa. Ninapouweka kando ya tarehe za Waingereza, kapu linaangukia kati ya 1949 na 1953 hivi. Sijawahi kufurahia tarehe yoyote kama hii niliyoitafuta kwa ungo na unyago.

Nikamuuliza fedha zilikwenda wapi. Alinyoosha kidole kwenye ukuta wa mawe ulio nyuma yake. Kiwanja kile mama yake alikinunua kwa jina lake mwenyewe, hakikuwa cha mume. "Andika jina la mama," akasema. Nikaliandika. Akanitaka nilisome kwa sauti, nikalisoma, akarekebisha herufi moja.

Wakati wa kuaga akaniambia, "Hata gesi nayo wameipeleka Dar." Nilikuwa sijauliza habari ya gesi.

Jumanne, 11 Machi 2025

Semina imechukua saa nzima zaidi ya muda wake na hakuna aliyelalamika.

Niliwasilisha mazungumzo ya Mikindani, pamoja na makala ya Matteo Rizzo ya mwaka 2006 ambayo mwalimu alinitumia. Rizzo hahangaiki na kwa nini karanga zilishindikana, hilo lilikwisha kuandikwa tangu Alan Wood, mwaka 1950. Anauliza kilichobaki: soko la vibarua la Jimbo la Kusini lilibadilika vipi kati ya 1946 na 1952. Watu walikuja kwa mshahara na wakaondoka kwa hesabu zao wenyewe, mashamba yao wakiwa wameyashika. Nilipoisoma nilimwona babu na baiskeli yake.

Mwenzangu mmoja kutoka Newala alinipinga kwa nguvu. Alisema natafuta mazuri ya ukoloni. Ardhi ilifyekwa bila wenyewe kuulizwa, watu walilipwa kidogo, halafu kiwanja kimoja cha Mikindani kinatosha kufuta yote hayo? Swali zito, na nililihitaji. Nimemjibu kwamba sifuti kitu. Mpango ulikuwa wa kuwalisha Waingereza, na waliopanga hawakumfikiria mama yule hata kidogo. Lakini nikiandika tu kwamba watu wa Kusini walitendewa, nitakuwa nimefanya kama zile karatasi: watu wapo wakipungua, hawapo wakiwa na akili na hesabu zao. Hakuridhika kabisa. Alisema wenye uchungu hawauzi mihogo tu, hugoma pia, na amenikumbusha migomo ya mwaka 1947, wa makuli wa Dar es Salaam na ule wa wafanyakazi wa Kongwa miezi michache baadaye. Ni kweli. Sura ya tatu lazima iwe na mgomo.

Kisha mwalimu akarudi kwenye ile sentensi ya gesi. Bomba la kwenda Dar na ghasia za hapa Mtwara za mwaka 2013 tunazikumbuka sote, tulikuwa watoto. Akauliza: bibi anaposimulia reli iliyong'olewa, ni wa mwaka 1962 au wa mwaka 2013 anayesema? Jan Vansina alishatufundisha kwamba masimulizi hubeba wakati yanaposimuliwa pamoja na wakati yanaousimulia. Nilikuwa nimelikariri hilo kwa ajili ya mtihani. Leo limenigusa kwa mara ya kwanza, kwa sababu lina sura ya mtu ninayemjua. Simshuku bibi kwa hilo. Uchungu wa reli usingedumu miaka sitini kama kusingekuwa na kitu kinachouchochea, na kitu hicho nacho ni sehemu ya historia ninayoiandika.

Alhamisi, 22 Mei 2025. Dar es Salaam

Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga. Nimefika na barua ya chuo, penseli na karatasi tupu. Chumba cha kusomea kimetulia. Mbele yangu kulikuwa na mtafiti mtu mzima akigeuza faili la Kijerumani kwa ncha za vidole, kila ukurasa ukitoa vumbi.

Nimeanza na vitabu vya wilaya, vile ambavyo mabwana wilaya walikuwa wakiandika na kuachiana: ukoo wa majumbe, mila, kodi, mipaka, mvua. Mikono inabadilika kila bwana anapohamishwa. Mmoja anaandika kwa upana na udadisi, anayefuata ana mistari miwili kwa mwaka. Nimejifunza kitu ambacho hakuna muhtasari wa kozi uliowahi kunieleza: unapoona ukimya kwenye nyaraka, tazama kwanza kama bwana wilaya alikuwa amehamishwa.

Mama wa Mikindani hayumo. Sikutegemea awemo. Wauza chakula hawakuwa na namba ya ajira wala kadi, kwa hiyo kwa serikali hawakuwepo kambini. Nimekaa na jambo hilo kwa mchana mzima. Kama nisingeanzia Mikindani, ningetoka humu nikiamini kwamba ujenzi wa bandari ulikuwa wa wanaume peke yao, na ningekuwa na tanbihi za kuthibitisha.

Jumatatu, 16 Juni 2025. Mtwara

Bumu limechelewa, wengi tunakula mlo mmoja kwa mamantilie na kugawana wa pili. Naandika usiku, umeme ukikubali.

Sura ya pili imerudi na wino wa msimamizi. Nilipoandika "wananchi waliumia sana" amepiga mstari: nani, wapi, umejuaje? Nilipoandika "inaonekana wanawake walinufaika" amepiga mstari pia: mmoja unamjua, mmoja unaweza kumsema. Amenisaidia. Nimeibadilisha ikawa ya mama mmoja na kiwanja kimoja, na imekuwa na nguvu zaidi kuliko ilipokuwa ya wanawake wote.

Jambo jingine amenishauri nifanye baada ya mtihani. Tasnifu ni ya Kiingereza, ndivyo kanuni ilivyo. Lakini somo nitakalokwenda kufundisha, Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili, na habari za Kusini vitabuni hupita haraka: Maji Maji, FRELIMO kambini Nachingwea, basi. Anataka niandike kurasa chache za reli ambazo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuzisoma na kubishana nazo. Nimeanza. Ni kazi ngumu kuliko tasnifu, kwa sababu mtoto wa kidato cha kwanza hawezi kuridhishwa na tanbihi.

Jumapili, 13 Julai 2025. Mikindani

Tasnifu imekabidhiwa, mitihani imekwisha. Nimekwenda kwa bibi na zile kurasa za Kiswahili, maana aliniambia Februari kwamba anataka kusikia nilichoandika.

Alisikiliza akichambua mchele. Kwenye ekari na pauni alinipa ishara nipite haraka. Kwenye jina la mama yake alisimamisha mkono. Nilipomaliza akasema nimeandika vizuri habari ya kapu, ila sijaandika jinsi watu walivyokuwa wakikopa. Vibarua walikula kwa mkopo mwezi mzima, na siku ya mshahara mama alisimama njiani, kwenye mkorosho mkubwa, na kila mdaiwa alipita hapo. Nani alimlipa na nani alikimbia, mama alikuwa akihesabu kwa mafundo kwenye kamba. Kila mtu na kamba yake.

Daftari la madeni, kwa hiyo, lilikuwepo. Nimemuuliza kama kuna kamba yoyote iliyobaki. Amecheka, akasema nani atunze deni la watu waliokufa. Lakini shemeji yake wa Lindi, aliyefanya kazi ya breki kwenye garimoshi mpaka lilipofungwa, bado yupo na kumbukumbu zake ni nzuri, na mke wake marehemu naye alikuwa muuzaji wa stesheni. Bibi ameniandikia namba ya mjukuu wa shemeji huyo kwenye kipande cha gazeti.

Nitakwenda wiki ijayo kabla ya kurudi nyumbani. Nitamuuliza stesheni zilikuwa zipi kwa mfuatano, nani alipanda bila nauli, na siku ya garimoshi la mwisho lilikuwa limebeba nini. Nitaanza na mke wake na kamba, hayo mengine yatafuata.